Nyuma ya Kadi za Waslovenia

Nimestaafu mwezi uliopita, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba miguu huuma zaidi ukiwa umekaa kuliko ukiwa umesimama kaunta. Miaka yote nilikuwa nikikiota kiti. Sasa kiti ninacho, na sina raha nacho.

Kizito, mkuu wetu, ameniomba niandike machache kwa ajili yenu mliobaki maktabani. Nadhani alitarajia ukurasa mmoja wa shukrani. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua kwa kuwa ndio huohuo mnaopata. Nitaandika habari za kadi, zile za orodha ya vitabu. Ninyi mmekuta kompyuta, na kadi mnaziona kwenye picha ukutani kama vitu vya kale. Mimi kadi ndizo zilizonifundisha kazi, na ni kwa kadi nilifanya kosa ambalo bado linanichosha nikilikumbuka.

Nilikuja Kampala kutoka Malava, upande wa Kenya, nikimfuata mume wangu aliyepata kazi ya ufundi eneo la viwanda. Tulipanga Kisugu, na hapo ndipo nilipo hadi leo. Siku yangu ya kwanza kaunta alikuja msomaji, mzee wa heshima mwenye koti. Nikamsalimu kama nilivyofunzwa shuleni kwetu: "Shikamoo mzee, nikusaidie nini?" Mzee akanitazama, akafunga mkoba wake, akatoka. Sikujua kwamba Kiswahili hapa mjini kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki, na kwamba mtu akisemeshwa kwa Kiswahili safi asubuhi mapema alianza kufikiria kitambulisho chake kiko wapi.

Nyuma ya kabati la kadi nikasikia mtu anacheka. Akatokea mwanamume mrefu, mweusi, amenyooka, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Binti, hapa wewe salimia watu na Kiganda ama Kizungu," akasema. "Kiswahili wachia mimi. Mimi wamekwisha zoea."

Huyo ndiye Odoki, mtu wa Kitgum, ambaye wote tulimwita Afande. Alikuwa karani wa jeshi kwa miaka mingi kabla ya kuletwa maktabani, na alikagua rafu kila asubuhi kana kwamba zimejipanga gwaride. Kitabu kilichotokeza mbele alikisukuma kwa kidole kimoja na kukiambia, "Rudi kwa mstari." Kazi yote ninayoijua nimeipata kwake. Kadi hushikwa kwa kingo, haishikwi usoni. Kidole hakilambwi. Droo ikivutwa, mkono wa pili unakaa chini yake, kwa sababu droo iliyojaa ina uzito wa mtoto wa miaka miwili na ikianguka utapanga upya mpaka Krismasi. Fimbo ya shaba inayopita kwenye matundu ya kadi haichomolewi bila ruhusa yake. Alikuwa na sheria nyingi, na nyingine zilikuwa za kijeshi tu, hazina maana yoyote kwa vitabu.

Lakini moja ilikuwa na maana, naye aliirudia mpaka nikaichoka: "Geuza kwanza." Kabla ya kuchana, kukata au kutupa karatasi yoyote, igeuze uone nyuma. Miaka ya shida karatasi haikupatikana, na watu waliandika nyuma ya kila kitu. Afande mwenyewe aliwahi kupiga taipu orodha nzima ya vitabu vya sheria nyuma ya fomu za kuomba ruhusa ya kutembea jioni. "Mbele ni ya serikali," aliniambia. "Nyuma ni ya mwenyewe."

Sasa niwaeleze jinsi mimi, Mluhya wa Malava, nilivyokuja kuwajua Waslovenia tisini na sita, wote marehemu ila mmoja.

Stoo kulikuwa na masanduku sita ya mbao. Yalikuwa zawadi ya nchi iliyoitwa Yugoslavia, iliyoletwa zamani wakati mafundi wao walipokuwa wakija Afrika kujenga, na hakuna aliyewahi kuyafungua kwa kuwa hakuna aliyeisoma lugha yake. Ndani mlikuwa na vitabu vya picha za milima, vitabu vya nyuki, na kamusi nene ya watu mashuhuri wa Slovenia, sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo: washairi, wasanifu majengo, watunzi wa muziki, wachoraji, wanasiasa, hata wapanda milima. Kwao, nilikuja kujua, mtu anaweza kuwa mashuhuri kwa kupanda mlima. Kwetu angeulizwa alikuwa anatafuta nini huko juu.

Kamusi ile ingebaki sandukuni kama si Mama Ivana. Alikuwa Mslovenia, mwalimu wa muziki, ambaye baada ya kuzunguka nchi kadhaa aliajiriwa kufundisha bendi ya askari hapa Kampala, na bendi ilipomstaafisha akabaki, akaishi fleti ya Bugolobi. Kiswahili chake alikipata kwa wapiga tarumbeta, kwa hiyo kilikuwa cha kambini kabisa, na alikisema bila aibu. Yeye na Afande walijuana tangu kambini. Siku Afande alipomwambia kuna sanduku lina vitabu vya kwao, alikuja siku hiyohiyo, akaketi juu ya sanduku jingine, akafungua kamusi akaanza kupitisha kidole kwenye majina.

"Huyu najua," akasema. Akafunua tena. "Huyu pia najua. Huyu alikuwa na deni ya kitabu kwangu."

Basi ikawa kila Alhamisi. Mama Ivana anasoma kwa Kislovenia, anatueleza kwa Kiswahili cha kambini, Afande anapiga taipu kadi, kila mtu yake. Mbele ya kadi tuliweka yale ya kamusi: jina, kazi, alizaliwa wapi, alifanya nini. Yalikuwa mistari miwili au mitatu. Mtu ameishi miaka themanini, ameandika, amefungwa, amepewa nishani, anabaki mistari mitatu. Mama Ivana hakuridhika nayo. Mashine ikinyamaza tu, alianza kusema yaliyoachwa, na Afande, badala ya kumwambia tuna kazi nyingi, aligeuza kadi, akachonga penseli, akaandika nyuma.

Kadi ya mshairi mmoja mbele ilisema alipigwa risasi wakati wa vita pamoja na mateka wengine. Nyuma ilisema alimfundisha Ivana darasa la nne, na kwamba mkate na chaki alivitia mfuko mmoja, akala mkate wenye chaki mbele ya watoto bila kujua kwa nini wanacheka. Kadi ya msanifu majengo mbele iliorodhesha madaraja na ukumbi wa muziki. Nyuma ilisema kabla ya kumaliza ngazi za ukumbi ule, alimwita Ivana, wakati huo msichana wa kwaya, akamfanya apande mara tatu huku akiimba, kisha akapunguza kimo cha kila ngazi ili mwimbaji asifike juu akihema. Afande aliyapenda hayo kupita kiasi. Alinisomea nyuma za kadi wakati wa chai, na kwa sauti yake ya kukagua gwaride hata mshairi wa watu alionekana yuko lindoni.

Mwaka wangu wa pili kazini, Yugoslavia yenyewe ikavunjika. Redio ilisema vita, Mama Ivana akakosa Alhamisi tatu, na alipokuja alikuwa amekonda. Nami nikapewa kazi ya kubandika lebo mpya kwenye droo, kwa kuwa ya zamani, "Yugoslavia", haikufaa tena. Nilibandika "Slovenia" kwa gundi ya unga wa muhogo, gundi nzuri kuliko hizi zenu za chupa, ila mende wanaipenda. Mama Ivana akasimama mbele ya droo akaisoma lebo kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Imekuwa ndogo, lakini ni yetu." Sikujua nimpe pole au pongezi. Nikampa chai.

Kadi moja sikuishuhudia ikiandikwa, nayo ndiyo yenye habari hii. Ilikuwa ya mwanamke aitwaye Milena. Wakati huo nilikuwa nyumbani, nimejifungua mtoto wangu wa pili. Niliporudi niliikuta imekwisha pangwa, nikaona nyuma imejaa penseli kuliko nyingine zote, nikasema nitaisoma nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Ukiwa na mtoto mchanga na kaunta yenye foleni, husomi kadi ya mtu wa Slovenia.

Miaka ikaenda. Afande alistaafu, akarudi Kitgum, na miaka michache baadaye tukapata habari ya msiba wake. Tulichanga, nikaenda kumzika pamoja na wawili wa ofisini, na Mama Ivana akatuma shada lililofungwa utepe wa bendi. Baada ya hapo Alhamisi zilikufa zenyewe. Magoti ya Mama Ivana yalianza kumsumbua, akaja mara moja kwa miezi kadhaa, kisha mara moja kwa mwaka. Mimi nikabaki na droo.

Halafu zikaja kompyuta. Vijana wa mkataba waliajiriwa kuingiza kadi, wakaingiza mbele zake zote kwa wiki chache, kwa bidii, siwalaumu. Waliambiwa waingize kadi, na kompyuta haina nyuma. Kizito alikuwa ndiyo kwanza amekuja. Akaniambia makabati yaondolewe, panahitajika mahali pa meza. Karatasi za kuombea vitabu nazo zilikuwa zimetuishia, na ofisi ilisema tusubiri.

"Mama Roda," akasema, "hizi kadi si ni kalatasi nzuri? Tuzikate, tutumie. Zinakaa bule."

Lilikuwa wazo la busara, mimi mwenyewe ningelitoa. Niliwekewa kisu cha mezani cha kukatia karatasi, kile chenye mkono mrefu, nikaanza. Kila kadi naikata kwa urefu, napata vipande viwili vyembamba, cha juu na cha chini, vizuri kabisa kwa kuandikia namba ya kitabu. Wiki mbili nilisimama nikikata. Mwanzoni niligeuza kila kadi, kama nilivyofunzwa. Siku ya tatu nikawa nageuza moja kati ya kumi, na wiki ya pili nilikuwa sigeuzi.

Ningependa kuandika kwamba droo ya Slovenia ilinipita bila kujua. Si kweli. Lebo niliibandika mwenyewe. Ilikuwa mchana, miguu imevimba, viatu nimevivua chini ya meza, na droo zilizobaki zilikuwa nne. Niliivuta, nikaitazama, nikawaza: Afande hayupo, Mama Ivana haji ila mara moja kwa mwaka, nani ataniuliza habari za hawa? Nikachomoa fimbo ya shaba nikakata. Nilichoka, basi. Sina sababu nyingine, ingawa nimeitafuta sana.

Ninyi mnajua vile vipande vilivyotumika, maana baadhi yenu mlivikuta. Kwa wageni nitaeleza. Rafu zetu msomaji haingii. Anaandika namba ya kitabu kwenye kipande, sisi tunakwenda kukitoa, na pale kitabu kilipokuwa tunachomeka kile kipande, kikae badala yake. Kitabu kikirudi, kipande kinatupwa. Kisiporudi, kipande kinabaki rafuni kikingoja, hata miaka kumi. Likumbukeni hilo.

Mwaka jana Mama Akello alinipigia simu. Huyu ni mjane wa mpiga tarumbeta mmoja wa bendi ile, mtu wa Lira, naye amekaa na Mama Ivana miaka mingi akimtunza.

"Mama Roda, mzee yetu iko na shida," akasema. "Anasahau. Jana aliita mimi na jina ya dada yake. Lakini kuna neno moja hasahau, anarudia siku mzima. Nakuja na yeye kwako."

Walikuja kwa gari la kukodi. Mama Ivana alikuwa amekaribia miaka mia, amepungua, ila mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri kuimba. Alinitambua. Akaketi mahali pake pa zamani, akatafuta kabati kwa macho, hakuliona.

"Roda. Mimi nataka kadi ya Milena."

Nikamuuliza kwa nini Milena.

"Milena alikuwa rafiki yangu toka mtoto. Mimi nilipotoka kwetu, yeye alikuja stesheni. Alisema, usiniandikie. Mimi nakumbuka hiyo tu: usiniandikie. Sasa kila siku nafikiri, Milena alinichukia?" Akanishika mkono. "Lakini ndani ya treni mimi sikuwa na hasira. Hiyo nakumbuka pia. Kama alinichukia, kwa nini mimi sikuwa na hasira? Kuna kitu ingine alisema, na kimepotea. Nilimwambia Odoki. Odoki aliandika yote. Leta kadi."

Nikamwambia kadi ziko stoo, anipe wiki moja. Nilisema uongo mbele ya mwanamke mwenye umri huo, na Mama Akello ananitazama usoni. Walipoondoka nilikwenda chooni nikalia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mimi nilisikia vizuri sana, kwa miaka mingi, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Niliosha uso, nikakaa nikafikiri kama mtu wa kazi. Vipande ambavyo vitabu vyake vilirudi vimekwisha tupwa, hivyo hakuna wa kuvirudisha. Lakini vitabu ambavyo havikurudi, vipande vyake vipo. Maisha yangu yote nimewalaani wasiorudisha vitabu. Sasa wezi wa vitabu walikuwa tumaini langu pekee.

Nilianza kupita kwenye pengo moja baada ya jingine, rafu kwa rafu, nikichomoa kila kipande na kukigeuza. Nilifanya hivyo saa za chakula. Kizito akaniona juu ya ngazi.

"Mama, unajichosha bule," akasema. "Hicho kitu si tuliingiza kwenye kompyuta?"

"Uliingiza mbele," nikamwambia.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia chini, halafu akaja akashika ngazi. Tangu siku hiyo alinishikia ngazi kila mchana akiwa hana mkutano, na sikumsikia tena akisema kitu kinakaa bure.

Siku ya nne, kwenye pengo la kitabu cha sheria za ardhi, nilipata kipande cha juu cha Milena. Mbele kilikuwa na mistari miwili ya taipu, mjumbe wa wapiganaji, baadaye mkubwa serikalini, na chini yake namba iliyoandikwa na mwanafunzi fulani. Nyuma, penseli ya Afande. Sikukisoma pale. Nilikwenda nacho Bugolobi jioni ileile, ghorofa ya tatu, nikapumzika kila ngazi ya tano. Hizi hakuzichora yule msanifu.

Nilisomea mezani, Mama Ivana amefumba macho.

"Milena. Sisi tuliiba tufaha pamoja kwa shamba ya padri. Wakati ya vita yeye alibeba barua ya wapiganaji ndani ya mkate. Baadaye akakuwa mkubwa. Kaka yangu alikimbia na upande ilishindwa, mimi nikafukuzwa kazi ya kwaya kwa sababu yake. Milena akasaini karatasi yangu ya kutoka, hakuna mtu alimtuma. Alikuja stesheni amefunga kitambaa kama mwanamke wa soko, watu wasimjue. Akaniambia: usiniandikie, maana"

Kipande kiliishia hapo.

"Maana nini?" akauliza.

"Imekatwa, Mama."

"Nani alikata?"

Ilikuwepo nafasi ya kusema vijana wa mkataba. Mama Akello alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi, amesimama.

"Mimi," nikasema. "Nilikata zote. Nilijua ni zenu nikakata."

Mama Ivana akafumbua macho. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizia njia akaambiwa hakuna.

"Odoki angekuchapa," akasema.

"Angenichapa."

"Basi tafuta ingine, Roda. Upesi. Mimi nasahau kila siku kidogo. Kesho kutwa labda nasahau pia kwamba kuna maana. Nitabaki na usiniandikie peke yake."

Miezi saba nilitafuta. Nilimaliza sheria, nikamaliza dini, historia, hesabu, tiba. Nilikuta vipande vingine vya Waslovenia, kumi na kimoja kwa jumla: mshairi wa chaki nusu, msanifu wa ngazi nusu, mpanda milima ambaye penseli ilisema aliogopa kupanda juu ya kiti kubadilisha taa. Nilivitia kwenye bahasha. Vingine vimekwenda, pamoja na mambo ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuyaandika, na nimevikata kwa mkono wangu. Kila nilipokwenda Bugolobi nilimkuta Mama Ivana amepungua. Siku moja aliniuliza mimi ni nani, na nilipomwambia, akasema, "Usiniandikie." Alisema kwa upole, kama mtu anayefikisha ujumbe.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu, watu wakiwa wameanza kuchanga keki, nilikuwa nimebakiwa na rafu ya kilimo. Sikuwa na tumaini. Nilikuwa nafanya tu ili nisiache kazi nusu. Kizito alishika ngazi. Kwenye vitabu vya ufugaji kulikuwa na pengo moja, na kipande ndani yake kikiwa wima, kimeshika vumbi. Mbele kilikuwa kitupu, hakina taipu, ila namba na jina kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mviringo ninaoujua: Ivana, kitabu cha nyuki.

Nikakumbuka yote. Miaka kadhaa nyuma, magoti yake yalipokuwa bado yanambeba, nyuki walihamia kwenye mfuniko wa tangi la maji la fleti yao, majirani wakataka kuwachoma moto. Akaja mbio, mwanamke wa zaidi ya miaka tisini, kuchukua kitabu cha nyuki kilichotoka kwenye masanduku yao. Mimi ndiye niliyempa kipande kutoka kisanduku cha kaunta. Yeye akaandika, mimi nikapokea, nikakichomeka. Hakukigeuza, nami sikukigeuza. Kitabu hakukirudisha kamwe, na ndiyo maana kipande kilikuwepo.

Nilikigeuza nikiwa juu ya ngazi. Kizito akauliza, "Ni chenyewe?" Nikampa akisome. Alikisoma kwa sauti ndogo, halafu akasema niende, ataeleza kwa watu wa keki.

Mama Ivana alikuwa amekaa dirishani. Siku hiyo hakunijua. Niliviweka vipande vyote viwili mezani, nikavisukuma mpaka kingo zikagusana, nikamsomea tangu matufaha ya padri, mpaka stesheni, mpaka kitambaa cha soko.

"Akaniambia: usiniandikie, maana kwangu hakuna mahali ya kuficha barua, na kuchoma barua yako mimi sitaweza. Treni ikaondoka. Yeye hakupunga mkono, watu walikuwa wanaangalia. Alifungua kitambaa kwa kichwa, akakaa anashika tu. Hii nimesikia kwa Mama Ivana na masikio yangu. Odoki."

Mama Akello alikuwa anajifuta macho kwa leso. Kisha Mama Ivana akasema, "Ndiyo. Alishika tu," na akacheka kidogo, akaomba chai. Alikunywa kikombe chote. Nilikuwa sijamwona ametulia hivyo kwa mwaka mzima, nikajiambia sasa naweza kustaafu.

Wiki iliyofuata Mama Akello akanipigia. Amesahau tena, akasema. Amerudi kwa usiniandikie.

Kwa hiyo mkisikia Mama Roda amepumzika, msiamini sana. Kila Alhamisi natoka Kisugu na magoti yangu haya, napanda ngazi zile ghorofa tatu, natoa bahasha. Vipande sikuvigundisha, kwa sababu gundi yangu huleta mende na zenu siziamini. Naviweka tu mezani kingo kwa kingo. Mama Ivana hunisikiliza kama ndiyo mara ya kwanza, na kwake ndiyo mara ya kwanza. Kwenye matufaha anatabasamu. Kwenye kitambaa anakaza uso, anajua kinachokuja. Pale penye mkato nilipokata mimi, sivuti pumzi. Napita moja kwa moja, cha juu mpaka cha chini, asipate hata nukta moja ya kukaa na nusu ile peke yake.